Maumivu Kuisha Si Kupona: Hotuba kwa Makocha na Walimu wa Michezo, Kisumu

Walimu wa michezo, makocha, manahodha na wazazi mliofika, hamjambo. Mliotoka Siaya, Vihiga na Kakamega alfajiri, poleni na safari. Karibuni Kisumu.

Muhula wa pili unakuja na kandanda, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji saba. Ratiba zake mnazijua. Timu inaweza kucheza siku tatu mfululizo, na mchezaji aliyeteguka Jumanne jioni anatakiwa uwanjani Jumatano saa nne asubuhi. Hapo ndipo kocha huinama pembeni mwa uwanja akauliza, "Unaumwa sana?" Swali hilo limeharibu magoti mengi. Ligamenti iliyochanika nusu inaweza kuuma kuliko iliyokatika kabisa. Paja lililopigwa goti linaweza kumliza kijana ambaye wiki ijayo atakuwa mzima, huku mwenzake mwenye ufa kwenye mfupa akiendelea kukimbia. Swali la kuuliza ni jingine: ni tishu gani iliyoumia? Ukilijibu hilo, unajua cha kufanya leo na unaweza kukadiria lini arudi.

Tukubaliane kuhusu majina. Ligamenti ni ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa mwingine. Kano hufunga msuli kwenye mfupa. Gegedu ni ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Mchezaji atakwambia tu "mshipa umeshika". Usibishane naye; mwambie aonyeshe mahali kwa kidole kimoja.

Sasa tuone kinachotokea ndani. Tishu ikichanika, mishipa midogo ya damu hukatika, damu huvuja kisha huganda. Seli nyeupe huja kusafisha mabaki. Ndiyo maana mahali pale huvimba, huwa moto na huuma. Hiyo ni kazi ya siku 3 hadi 5 za kwanza, na ni kazi ya lazima. Kuanzia siku ya tatu hivi hadi wiki ya tatu, seli za ujenzi hutandaza kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoziba pengo. Kolajeni hiyo ya mwanzo ni dhaifu na imelala ovyo ovyo, kama mkonge uliorundikwa: nyuzi zipo, lakini hazijasokotwa kuwa kamba. Kisha inafuata awamu ndefu, ya miezi, wakati mwingine mwaka mzima, ambapo kolajeni dhaifu hubadilishwa kwa ile imara na nyuzi hujipanga kufuata upande zinakovutwa.

Tazameni mtego uliopo hapo. Maumivu hupungua katika awamu ya pili, kovu likiwa bado changa. Mchezaji anajisikia mzima wiki ya pili au ya tatu, kocha anafurahi, na ndipo anapochanika tena. Lakini tusivuke mpaka upande wa pili pia. Nyuzi hujipanga kwa kuvutwa. Mguu uliofungwa ukawekwa kitandani wiki sita bila sababu hutoka na kovu gumu, msuli uliosinyaa na kiungo kilichokakamaa. Tishu inataka mzigo, ila mzigo unaolingana na umri wa kovu.

Na damu ndiyo inayoamua kasi. Msuli una damu nyingi, kwa hiyo mchaniko mdogo hupona ndani ya wiki 1 hadi 3, mkubwa wiki 4 hadi 8, na uliokatika kabisa miezi. Ligamenti za kifundo cha mguu zikivutika kidogo ni wiki 1 hadi 2. Zikichanika nusu, wiki 3 hadi 6. Zikikatika, wiki 8 hadi 12 au zaidi. Kano ina damu chache na huhesabiwa kwa miezi. Mfupa una bahati ya pekee: hauponi kwa kovu, hupona kwa mfupa mpya. Mkono hushikana kwa takriban wiki 6, lakini mfupa mkubwa wa ugoko huhitaji miezi 3 hadi 4, mara nyingine zaidi, na uvutaji sigara huuchelewesha. Gegedu halina mishipa ya damu wala neva. Likiumia halipigi kelele, na halijirudishi lilivyokuwa.

Sasa kila mtu avue kiatu cha kulia, na soksi. Msione haya, sote tumetembea na jua hili.

Shikeni ule mfupa uliotokeza upande wa nje wa kifundo. Teremsheni kidole mbele yake kidogo na chini, mpaka kiingie kwenye kijishimo. Hapo ipo ligamenti ambayo huchanika kwanza mguu unapopindukia ndani, mchezaji akitua juu ya mguu wa mwenzake au akikanyaga shimo. Maumivu yakiwa hapo tu, na kwenye mfupa hamna, huenda ni kuteguka. Sasa rudisheni kidole kwenye mfupa wenyewe, ukingo wake wa nyuma, kuanzia nchani kupanda sentimita 6. Bonyezeni. Fanyeni vivyo hivyo kwenye mfupa wa ndani. Halafu fuateni ukingo wa nje wa wayo kutoka kidole kidogo kurudi nyuma. Katikati ya safari mtakuta kinundu. Hicho huvunjwa na mpinduko uleule, na watu hukisahau kwa sababu macho yote yako kwenye uvimbe wa juu. Cha mwisho kiko upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo na chini yake, penye mfupa mwingine uliotokeza.

Mchezaji akiumia mojawapo ya sehemu hizo za mfupa ikibonyezwa, au akishindwa kupiga hatua 4 pale alipoumia na ashindwe tena akifika kwa mhudumu wa afya, apigwe picha ya eksirei. Hata kuchechemea kunahesabika kuwa hatua. Kanuni hizi zilitungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992, na uzuri wake ni kwamba hazihitaji chombo chochote ila kidole. Nyinyi wa shule mwongeze tahadhari moja. Mtoto anayekua ana sahani za ukuaji, yaani sehemu ambako mfupa hurefuka, karibu na ncha za mifupa, na mara nyingi sahani hizo ni dhaifu kuliko ligamenti iliyo kando yake. Kijana wa miaka 13 akiumia juu ya ncha ya mfupa, msiseme ameteguka tu.

Huduma ya kwanza ya kifundo ni bandeji, kuinua na barafu, kwa umuhimu huo. Bandeji ya krepe huanzia kwenye shina la vidole, si kwenye kifundo. Panda nayo kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, hadi katikati ya kigimbi, ukikaza zaidi chini na kulegeza kadiri unavyopanda. Ukianzia juu, uvimbe wote utashukia vidoleni. Ukimaliza, bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, achia, uhesabu: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au vidole vikifa ganzi, fungua uanze upya. Usiku aitoe, mguu aulaze juu ya mito, juu ya usawa wa moyo.

Barafu izungushiwe kitambaa, ikae dakika 10 hadi 15, irudiwe kila baada ya saa 2 au 3 siku ya kwanza. Barafu ya wauza samaki kule Dunga inafanya kazi sawa na ya duka la dawa, mradi umeiweka kwenye mfuko safi. Lakini ijulikane kazi yake ni kutuliza maumivu, haiponyeshi. Gabe Mirkin, daktari Mmarekani aliyeeneza mwaka 1978 ile kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kufunga na kuinua, mwenyewe alikiri mwaka 2014 kwamba barafu na mapumziko kamili yanaweza kuchelewesha kupona. Siku ya pili au ya tatu mchezaji aanze kuchezesha kifundo juu na chini na kukanyaga polepole, kwa magongo ikibidi.

Hapa naomba mnivumilie, maana najua nagusa desturi za nyumbani. Katika saa 48 hadi 72 za kwanza, hapana kukanda, hapana maji moto, hapana dawa ya kuchua inayochoma, hapana pombe. Vyote huongeza kuvuja kwa damu. Hatari kubwa iko kwenye paja. Mchezaji akipigwa goti la mpinzani katikati ya paja, damu hujaa ndani ya msuli, na ukimpeleka kwa fundi wa kukanda akalifinya kwa nguvu kila siku, damu ile inaweza kugeuka mfupa ndani ya msuli. Baada ya wiki chache unagusa kitu kigumu na goti halikunji. Dawa ya paja lililopigwa ni kukunja goti kadiri linavyoruhusu, kulifunga au kulishikilia hivyo huku barafu ikiwa juu yake, na kuliacha paja bila kukandwa.

Na wale wanaofunga gango la vijiti au mbao: likikazwa sana mguu uliovunjika, uvimbe hukosa pa kwenda na hubana mishipa ya damu. Dalili ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi ukimnyooshea vidole, na msuli mgumu kama ubao. Msisubiri vidole viwe baridi; hapo mtakuwa mmechelewa. Funguweni kila kitu, mkimbieni hospitali yenye daktari wa upasuaji wa mifupa. Kisumu ni hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Mna saa chache tu kabla msuli haujafa.

Goti lina maswali matatu. Ulisikia mlio? Lilivimba lini? Lilikataa kukubeba? Goti lililovimba ndani ya saa 2 limejaa damu, na mara nyingi ni ligamenti ya mbele iliyo ndani ya goti, hasa kama hakuguswa na mtu: alitua kutoka hewani, au alisimama ghafla na kugeuka. Wasichana wa netiboli na kandanda hupata jeraha hili zaidi ya wavulana. Goti lililovimba usiku au kesho yake hutufanya tufikirie menisko, ule mto wa gegedu katikati ya goti. Likikwama, halinyooki kabisa, menisko iliyochanika imejikunja na kuzuia mlango.

Goti la ligamenti iliyokatika ndilo linalodanganya kuliko yote. Baada ya wiki mbili uvimbe umeshuka. Mchezaji anatembea, anapiga mbio za kunyooka, anamwambia kocha yuko tayari. Anapogeuka kwa kasi goti linateleza, na kila linapoteleza linasaga menisko na gegedu. Ligamenti ile huogelea ndani ya maji ya kiungo, damu haigandi mahali pake, kwa hiyo ncha zake kwa kawaida hazishikani zenyewe. Menisko nayo ina damu pembezoni tu. Ndiyo maana mpasuko wa pembezoni unaweza kushonwa na wa ndani mara nyingi hukatwa. Wakiamua kumpandikizia ligamenti, hutumia kano yake mwenyewe, na kano hiyo hudhoofika katika miezi ya kwanza kabla ya kuimarika. Asirudi mechini kabla ya miezi 9, hata akijisikia simba.

Nahitaji kijana mmoja. Asante, ndugu yangu, lala kifudifudi mezani, nyayo zining'inie nje. Tazameni. Nafinya kigimbi hapa kwenye unene wake, na wayo unajielekeza chini wenyewe. Nafinya tena. Kano ya kisigino ikiwa imekatika, wayo hautikisiki. Mwenye jeraha hili hugeuka nyuma kutafuta nani amempiga teke, na hayupo mtu. Kinachowapotosha wengi ni kwamba bado anaweza kuchezesha vidole na hata kutembea kidogo, maana misuli mingine inamsaidia. Akitibiwa mapema anaweza kupona kwa plasta au kwa upasuaji. Akichelewa mwezi, ncha za kano zimeachana na kazi imekuwa ngumu. Ahesabu miezi 6 hadi 12. Asante, unaweza kuamka.

Msuli wa nyuma ya paja hushika mkimbiaji akiwa kwenye kasi ya juu, mguu ukiwa mbele unakaribia kukanyaga. Mkakamao huachia ukinyoosha. Mchaniko unazidi kuuma. Akichanika, msimnyooshe kwa nguvu siku zile za kwanza. Atembee mapema, aanze kukaza msuli taratibu, na kabla ya kurudi awe amekwisha kupiga mbio za kasi kamili mazoezini mara kadhaa. Jeraha hili hurudi sana, na sababu kubwa ni haraka ya kocha. Kinga yake ni zoezi moja la bure: mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo, anashusha kiwiliwili mbele polepole bila kukunja nyonga, anadakwa na mikono yake mwishoni. Waanze mara 5 tu kwa seti mbili, maana kesho yake watalalamika.

Wakimbiaji wa barabara za murram, kuanzia Kaimosi hadi Kapsabet, wanajua maumivu ya ugoko. Yakienea sentimita 5 au zaidi kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, punguza kilomita, tafuta nyasi. Yakiwa pahali pa kufunikwa na ncha ya kidole, yakiuma akirukaruka kwa mguu mmoja, au yakimwamsha usiku, mfupa una ufa wa uchovu. Aache kukimbia. Picha ya kwanza inaweza kuonekana safi, kwa kuwa ufa huu mara nyingi hauonekani kwenye eksirei kwa wiki 2 au 3. Maumivu ya namna hii kwenye kinena ni ya dharura zaidi, maana shingo ya mfupa wa paja inaweza kukatika. Na msichana aliyekosa hedhi miezi 3 huku anakimbia sana na kula kidogo, mifupa yake inakonda. Mwalimu wa kike azungumze naye faraghani, na aonwe na daktari.

Bega lililoteguka msilivute. Mnaweza kuvunja mfupa au kuumiza neva. Lifungeni kwa kitambaa kama lilivyo, angalieni ganzi upande wa nje wa bega, mpelekeni.

Kichwa nakitenga, kwa sababu hapo hatujadiliani. Mchezaji aliyegongwa akawa anakodoa macho tu, anayumba, anajibu polepole, hajui alama za mechi, anaumwa kichwa au anaona kiwi, anatoka na harudi siku hiyo. Kuzimia si sharti. Wengi wenye mtikisiko wa ubongo hawazimii. Akitapika tena na tena, akipata degedege, akizidi kusinzia, au akiumia shingo na mikono ikafa ganzi, ni hospitali mara moja, na mwenye shingo asisogezwe mpaka kichwa chake kishikwe imara. Kurudi ni kwa ngazi: darasani kwanza, halafu kutembea, mbio nyepesi, mazoezi bila kugongana, mazoezi kamili, mechi. Kila ngazi si chini ya saa 24, na apate kibali cha daktari kabla ya mazoezi ya kugongana.

Kwa majeraha ya mguu, mpimeni kwa vitendo kabla ya kumrudisha, si kwa maneno yake. Asimame kwa mguu mmoja macho yamefumbwa. Ainue kisigino akisimama kwa vidole vya mguu mmoja, hesabu mara ngapi. 25 ni nzuri. Aruke kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo, pima kwa futikamba, kisha mguu wa pili. Mguu uliokuwa mgonjwa ufikie angalau asilimia 90 ya mzima. Na katika mazoezi ya kurudisha nguvu, maumivu ya 3 kwa 10 yanavumilika, mradi asubuhi yake yametulia. Yakiwa juu asubuhi, jana mlizidisha.

Sindano ya diklofenaki wakati wa mapumziko ili kijana amalize mechi, tafadhali acheni. Inaficha ile ishara pekee aliyonayo. Pesa hizo mnunulieni mayai, ndengu na maziwa. Omena anayeliwa na mifupa yake huleta protini na kalsiamu kwa pamoja. Pera na machungwa huleta vitamini C, ambayo mwili hauwezi kutengeneza kolajeni bila hiyo. Na alale.

Mkiniuliza kuhusu subira, David Rudisha alikosa mashindano ya dunia ya Moscow mwaka 2013 kwa sababu ya goti, akiwa bingwa wa Olimpiki. Mwaka 2015 Beijing alitwaa tena dhahabu ya mita 800, na 2016 Rio akatetea ya Olimpiki. Nyinyi mnazungumzia robo fainali ya kaunti.

Kupasha mwili moto kwa utaratibu wa FIFA, ule wa dakika 20 wenye mbio, mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba, hupunguza majeraha kwa takriban theluthi au zaidi timu ikiufanya angalau mara mbili kwa wiki. Vielelezo viko kwenye meza ya nyuma, chukueni.

Sasa gawanyikeni wawili wawili. Bandeji moja kwa kila jozi. Anza kwenye shina la vidole, panda, bonyeza ukucha, hesabu. Nitapita nikiangalia vidole.